Chagua Jarida Kabla ya Kuandika

(Hotuba kwa wanafunzi wa uzamili na uzamivu wa sayansi, Unguja)

Ndugu Mwenyekiti, wakuu wa idara, wahadhiri wenzangu, na nyinyi wanafunzi wa uzamili na uzamivu ambao hasa ndio wenye siku ya leo: assalaam alaykum, na habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kupata jarida linalofaa kwa utafiti wenu. Kwa kawaida mada hii huwekwa siku ya mwisho ya warsha, jioni, watu wameshachoka na wengine wameshaomba ruhusa ya kuwahi boti. Safari hii nimemwomba Mwenyekiti aiweke ya kwanza, na nina sababu. Watafiti wetu wengi huandika makala mpaka nukta ya mwisho, ndipo wanapouliza, "Sasa niipeleke wapi?" Swali limechelewa. Ukifika hapo umeshaamua mambo mengi pasi na kujua: utangulizi uanzie wapi, istilahi zipi zielezwe na zipi ziachwe, majedwali yawe mangapi, makala iwe na urefu gani. Yote hayo yanamtegemea msomaji, na msomaji wako bado hujamjua.

Turudi nyuma kidogo. Januari 1665 mjini Paris lilitoka Journal des sçavans, na Machi ya mwaka huohuo, London, Henry Oldenburg akaanza kuchapa Philosophical Transactions. Oldenburg alikuwa katibu wa Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, na kazi yake kubwa ilikuwa barua. Wataalamu wa Ulaya walikuwa wakimwandikia yeye, naye akiwaandikia wao na kumpasha kila mmoja habari za mwenzake. Jarida lilizaliwa humo. Badala ya kunakili barua ileile kwa watu wengi, aliichapa mara moja ikasomwa na wote. Miaka mia tatu na sitini baadaye mambo mengi yamebadilika, lakini ndani ya kila jarida lenye afya bado mtawakuta watu wanaosomana, wanaojibizana, na wanaojuana kwa majina hata kama hawajawahi kuonana. Unapochagua jarida unachagua watu wa kuzungumza nao. Mengine, yakiwemo hadhi, namba na pointi za kupandishwa cheo, yanakuja nyuma ya hilo.

Sasa tuchukue mfano wa hapahapa. Tuseme mmoja wenu amefanya utafiti wa mwani Paje na Jambiani. Mnajua historia: kilimo cha mwani cha biashara kilianza pwani hiyo ya mashariki mwaka 1989, wakulima wengi wakiwa wanawake, na aina mbili zinazolimwa ni spinosum na cottonii. Cottonii ndiyo yenye bei nzuri na ndiyo inayokufa maji yakipata joto. Mwenzetu huyu amepima joto la maji na ukuaji wa cottonii sehemu mbili, kwenye maji mafupi wanakolima watu na kwenye kina kirefu zaidi, msimu wa kusi na msimu wa kaskazi. Juu ya hayo amewahoji wakulima kuhusu mapato yao. Data ni nzuri. Aipeleke wapi?

Ukimuuliza atakwambia, "Popote palipo na jina kubwa." Mimi namuuliza jambo jingine: nani akiisoma kazi hii atabadilisha anachofanya kesho?

Anaweza kuwa mtaalamu wa mwani aliyeko Ufilipino, Indonesia au Malaysia, anayehangaika na cottonii ileile na joto lilelile. Huyo husoma Journal of Applied Phycology na Botanica Marina. Hahitaji kuelezwa cottonii ni nini. Ukimweleza kwa aya tatu atakuona mgeni. Anachotaka ni mbegu yako ilitoka wapi, chumvi ya maji ilikuwa kiasi gani, kiwango cha ukuaji umekikokotoa kwa kanuni ipi, na kama uliona dalili za ugonjwa ule wa matawi kuwa meupe ambao wao huuita ice-ice. Jambiani haijui, kwa hiyo ramani ni lazima.

Anaweza pia kuwa ofisa wa uvuvi, au mtafiti wa Mombasa, Toliara au Maputo, anayezijua bahari hizi. Huyo anasoma Western Indian Ocean Journal of Marine Science, jarida la WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa Bahari ya Hindi Magharibi, ambayo makao yake yako hapahapa Unguja, na jarida lenyewe linatoka tangu 2002. Kusi na kaskazi anazijua, na bamvua hahitaji kufasiriwa. Anataka kujua kina gani kinafaa, na kama matokeo ya Paje yanaweza kuaminiwa Pemba.

Halafu yupo mtu wa uchumi na sera, anayejali mapato ya mama wa Jambiani kuliko nyuzi joto za maji. Huyo yuko kwenye Marine Policy na majarida ya maendeleo ya jamii, na kwake jedwali la ukuaji wa mwani ni kiambatisho tu, mahojiano ndiyo makala. Kwa njia, hapo mhariri atadai namba ya kibali cha maadili ya utafiti kwa sababu umehoji binadamu. Kibali hakiombwi baada ya mahojiano.

Mnaona? Data ni ileile, wasomaji ni watatu, na makala tatu hizo hazifanani hata sentensi ya kwanza. Sisemi muigawanye kazi vipande vipande ili mpate machapisho matatu. Mchezo huo wahariri wanaujua na wanauchukia. Nasema chagueni mazungumzo mnayotaka kuingia, ndipo mkae kuandika.

Njia ya kuyapata mazungumzo hayo ni rahisi mpaka watu wanaidharau. Fungua orodha yako ya marejeo. Kama umesoma kwa uaminifu, majarida matatu au manne yatajirudia. Hao ndio watu unaozungumza nao tayari, ila wao hawajui. Na kinyume chake: ikiwa makala yako ina marejeo hamsini na hakuna hata moja linalotoka kwenye jarida unalotaka kulipelekea, simama ujiulize. Nimekaa kwenye kiti cha mhariri kwa miaka kadhaa, na nawaambia mhariri huanza kusoma nyuma. Anaangalia marejeo kwanza. Akiona jarida lake halimo kabisa, anaelewa kuwa mwandishi hakuwahi kulisoma, na mara nyingi yuko sahihi.

Ukishapata majina machache, soma matoleo ya miaka miwili ya karibuni. Ukurasa wa malengo na wigo hautoshi, kwa sababu kila jarida hujisifu hapo kuwa linapokea kila kitu. Tazama wanachochapisha kweli. Je, wanachukua tafiti za eneo moja, au kila makala inalinganisha nchi kadhaa? Wanachapisha matokeo ya msimu mmoja, au wanataka miaka? Waandishi wao wanatoka wapi? Jarida ambalo kwa miaka miwili halijachapisha hata makala moja kutoka Afrika halijakukataza, lakini limekwambia jambo.

Kisha kuna siri iliyo wazi. Kwenye ukurasa wa kwanza wa makala, majarida mengi huandika tarehe makala ilipopokelewa na tarehe ilipokubaliwa. Chukua makala kumi, toa tarehe moja kwenye nyingine, na utajua jarida hilo linachukua muda gani kwa kweli, tofauti na ahadi za kwenye tovuti. Mwanafunzi wa uzamivu ambaye chuo chake kinataka makala iliyokubaliwa kabla ya kutunukiwa shahada anahitaji hesabu hii kuliko anavyohitaji namba yoyote ya hadhi. Na ukikuta muda wenyewe ni siku tano kutoka kupokelewa hadi kukubaliwa, funga ukurasa huo. Hakuna duniani wapitiaji wawili, wale wataalamu wanaoipima makala kwa niaba ya mhariri, waliosoma, wakaandika maoni, mwandishi akasahihisha, mhariri akaamua, yote kwa siku tano.

Zipo zana za mtandaoni za kukusaidia. JANE, iliyotengenezwa Uholanzi, unaibandikia ikisiri yako nayo inakupa majarida yenye makala zinazofanana, ikichota kutoka PubMed, hifadhidata ya makala za afya na biolojia. Kwa watu wa afya na biolojia inafaa, kwa mhandisi haina msaada mkubwa. Wachapishaji nao wanazo: Elsevier wana yao, Springer Nature wana yao. Zitumieni, lakini kumbukeni kuwa zana ya mchapishaji itakupendekezea majarida ya mchapishaji huyohuyo.

Nije kwenye pesa, maana naona wengine mnasubiri hapo.

Kuna dhana imeenea kwamba kuchapisha kimataifa ni lazima ulipe. Si kweli, na dhana hiyo imewatia watu wengi mikononi mwa matapeli. Majarida yamegawanyika. Yapo ya ufikiaji huria, yaani yanayosomwa bure na yeyote, yanayomtoza mwandishi ada, na ada nyingine zinatisha: Nature ilipoanzisha njia hiyo mwaka 2021, ada ilikuwa euro 9,500 kwa makala moja. Hesabu ya shilingi fanyeni nyumbani. Yapo ya mseto, na hapa ndipo wengi hawajui. Jarida la mseto, kama hilo Journal of Applied Phycology, linakupa chaguo: ulipe makala iwe huria kwa kila mtu, au usilipe kitu na makala isomwe na wanaolipia usajili. Njia ya pili ni bure kwa mwandishi. Halafu wachapishaji wengi wanakuruhusu kuiweka nakala yako iliyokubaliwa, ile kabla haijapangwa kurasa, kwenye hifadhi ya kidijitali ya chuo chako baada ya muda fulani. Soma sera yao, utaikuta imeandikwa. Mwisho yapo majarida huria yasiyomtoza mtu yeyote, yanayobebwa na vyuo, vyama vya kitaaluma au serikali. Wenyewe huyaita ya almasi, na ni mengi kuliko mnavyodhani. DOAJ, orodha iliyoanzia Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, mwaka 2003, inakuruhusu kuchuja majarida huria yasiyo na ada. Ni kubofya mara mbili tu.

Hata yale yenye ada, wachapishaji wengi wakubwa husamehe au hupunguza kwa waandishi wa nchi zenye kipato cha chini, wakifuata makundi ya nchi ya Research4Life, mpango wa kuzipatia nchi hizo machapisho ya kitaaluma. Angalizo moja: kwa baadhi yao msamaha huombwa siku ya kuwasilisha makala. Ukisubiri mpaka ankara ije, umechelewa. Na mara nyingi wanaangalia nchi ya mwandishi wa mawasiliano, yule anayeandikiana na jarida. Kama kazi ni yako, data ni yako, na mwenzako wa Ulaya alisaidia uchambuzi, kwa nini yeye ndiye awe mwandishi wa mawasiliano? Hilo lina mjadala wake mrefu, leo naliacha mlangoni.

Sasa matapeli.

Wote mmepata barua pepe zile. "Mheshimiwa Profesa Daktari," na wewe ndiyo kwanza umejisajili uzamili, "tumesoma kwa furaha makala yako muhimu." Aliyelipa tatizo hili jina la predatory, yaani majarida windaji yanayotoza ada bila mapitio ya kweli, ni Jeffrey Beall, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Colorado mjini Denver, aliyekuwa akiorodhesha wachapishaji aliowatilia shaka mpaka alipoiondoa orodha yake Januari 2017. Orodha ile ilikuwa na kasoro zake, maana mtu mmoja hawezi kuwa hakimu wa dunia, na kuna majarida ya nchi maskini yaliyoonekana mabaya kwa sababu tu tovuti zao zilikuwa mbovu. Lakini aliloliona lilikuwepo. Mwaka 2019 mahakama ya Marekani iliamuru OMICS, mchapishaji wa Hyderabad, India, alipe zaidi ya dola milioni 50 kwa kuwahadaa watafiti kuhusu mapitio, wahariri na ada.

Kuna kisa kingine kinachotugusa sisi wenye lugha hii. Mwaka 2013 mwandishi wa habari John Bohannon alitunga makala ya uongo kuhusu kemikali inayozuia seli za saratani, yenye makosa ambayo mpitiaji yeyote makini angeyaona. Akatuma matoleo 304 kwa majarida ya ufikiaji huria, na matokeo akayachapisha kwenye jarida la Science. Majarida 157 yalikubali; 98 yalikataa. Miongoni mwa yaliyokubali yalikuwemo ya kampuni kubwa zenye heshima. PLOS ONE, ambalo wengi walilibeza kwa kuchapisha makala nyingi mno, lilikataa, tena baada ya kuuliza maswali ya maadili ambayo wengine hawakuyauliza. Wakosoaji wa Bohannon walisema, na walikuwa na haki, kwamba hakuyajaribu majarida ya kulipia usajili, kwa hiyo hatujui hayo yangefanyaje.

Lakini sikilizeni majina ya waandishi wa uongo aliyatoa wapi. Alichanganya majina ya Kiafrika. Na taasisi zao za kubuni aliziunda kwa kuokota maneno ya Kiswahili na majina ya Kiafrika akayabandika kwenye miji mikuu ya bara letu. Sababu yake: alitumaini mhariri hatashtuka sana asipowakuta watu hao mtandaoni. Nilikasirika nilipoisoma mara ya kwanza. Baadaye nikaona kuwa alikuwa anaeleza hali halisi. Mhariri anayepata makala kutoka kwako atakutafuta, na kama hakukuti atakuwa na shaka, au, vibaya zaidi, hatashangaa. Fungueni akaunti ya ORCID, namba ya kumtambulisha mtafiti, leo; ni bure. Dai ukurasa wako kwenye tovuti ya chuo, na barua pepe ya chuo uitumie badala ya ile uliyofungua ukiwa kidato cha nne.

Mwaka 2017 watafiti wa Poland walifanya jaribio jingine: walimbuni mtu mmoja asiye na sifa, wakamwombea uhariri kwenye majarida 360. Majarida 48 yalimpokea, na 40 kati ya hayo yalitoka kwenye orodha ya Beall. Ndiyo maana nawaambia msiishie kuhesabu maprofesa kwenye bodi ya wahariri. Chagua wawili, nenda kwenye tovuti za vyuo vyao, uone kama wanalitaja jarida hilo. Ukiwa na shaka mwandikie mmoja. Wengine hawajui kabisa kuwa majina yao yamo.

ISSN si cheti cha ubora; ni namba ya utambulisho yenye tarakimu nane, na jarida la kitapeli linaipata kama lipatavyo jarida bora. "Tumo kwenye Google Scholar" pia si sifa, maana Google Scholar huokota karibu kila kitu. "Tumo kwenye PubMed" inahitaji kuchunguzwa: makala moja moja huweza kuingia humo kwa sababu mfadhili alitaka iwekwe, wakati jarida lenyewe halijakubaliwa MEDLINE, orodha ya majarida yaliyochujwa ndani ya PubMed. Jarida likidai limo Scopus, faharasa ya kimataifa ya majarida yaliyochujwa, usiamini nembo iliyobandikwa kwenye tovuti yake. Nenda kwenye orodha ya vyanzo ya Scopus yenyewe, ambayo huhitaji kulipia, uandike ISSN, na usome mpaka mwisho wa mstari, kwa sababu huko ndiko kunakoandikwa kama jarida liliwahi kuwemo likaondolewa. Web of Science, faharasa nyingine ya aina hiyo, nao wana orodha yao ya wazi. Na siku hizi kuna wizi wa majarida mazima: tapeli anatengeneza tovuti inayofanana na ya jarida halali, kwa jina lilelile na ISSN ileile, anapokea makala na pesa. Basi anwani ya tovuti ichukueni kutoka kwenye orodha hizo. Msiifuate iliyoletwa na barua pepe.

Mtu aliyelipa dola mia tatu kwa jarida la namna hiyo anapoteza zaidi ya pesa. Makala ikishachapishwa huko, jarida halali haliipokei tena, kwa kuwa imeshachapishwa. Na ukiomba uiondoe, wengine hukutoza ada ya kuiondoa. Cha mlevi huliwa na mgema.

Nisiwadanganye kwamba upande wa pili, wa wachapishaji halali, ni msafi. Hindawi ilikuwa kampuni iliyoanzia Cairo mwaka 1997, ikaheshimika, ikanunuliwa na mchapishaji Wiley mwaka 2021. Mwaka 2023 zaidi ya makala 8,000 za majarida yake zilibatilishwa, nyingi zikiwa zimepenya kupitia matoleo maalumu yaliyovamiwa na viwanda vya makala za kughushi. Mwezi Machi mwaka huohuo kampuni ya Clarivate iliondoa majarida kadhaa kwenye Web of Science, likiwemo International Journal of Environmental Research and Public Health, ambalo lilikuwa likichapisha maelfu ya makala kila mwaka. Watu waliochapisha humo kwa nia njema walijikuta na makala nzuri kwenye nyumba iliyovuliwa hadhi. Kwa hiyo ukialikwa kwenye toleo maalumu, uliza mhariri mwalikwa ni nani, na kama jarida linatoa matoleo maalumu mengi kuliko matoleo ya kawaida, kaa mbali.

Nimezungumza hadhi, niseme neno juu ya kipimo cha athari, ile namba ambayo kamati za kupandisha vyeo zinaiabudu. Eugene Garfield na taasisi yake ya Philadelphia waliibuni wakitafuta namna ya kuchagua majarida ya kuingiza kwenye faharasa yao ya marejeo, na wakutubi wakaitumia kuamua wanunue yapi. Inakokotolewa hivi: manukuu yaliyopatikana mwaka mmoja kwa makala za miaka miwili iliyotangulia, gawanya kwa idadi ya makala hizo. Ni wastani wa jarida. Haisemi chochote kuhusu makala yako. Makala chache zinazonukuliwa sana huinua namba nzima, na nyingi ndani ya jarida hilohilo huenda zisinukuliwe na mtu. Tena fani hazilingani: jarida bora la hisabati lina namba ambayo daktari wa saratani angeicheka. Ukitaka kulinganisha, linganisha ndani ya fani yako.

Najua mtanijibu kwamba kamati haijali. Kweli. Mwaka 2022 Wizara ya Elimu ya Muungano ilitangaza zawadi ya Shilingi milioni 50 kwa mtafiti atakayechapisha kwenye jarida la kimataifa la hadhi ya juu sana, na siwezi kusimama hapa niwaambie msiitake milioni 50. Itakeni. Ninachopinga ni tabia ya kuanzia juu na kuporomoka: Nature, halafu Science, halafu jarida lolote lenye namba kubwa, kila moja likila miezi, mpaka makala inazeeka mkononi na hasira inampeleka mwandishi kwa tapeli anayejibu ndani ya siku tatu. Yule wa mwani angeanza kwa msomaji wake, angekuwa na jibu lake mapema.

Na majarida yetu ya ukanda? Nitasema wazi kwamba tunayaonea. Tanzania Journal of Science la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Tanzania Journal of Health Research la NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), African Health Sciences la Makerere, hilo la WIOMSA nililolitaja, na mamia mengine yaliyomo AJOL, hifadhi iliyoanza 1998 na ambayo ofisi zake ziko Afrika Kusini. Baadhi yanachelewa kutoka, ni kweli. Baadhi yana mhariri mmoja anayefanya kazi hiyo usiku bila malipo, na ukimwandikia kwa ukali anajibu kwa upole kuliko unavyostahili. Lakini wapitiaji wake wanaijua pwani hii. Nimeona makala kuhusu uvuvi wa hapa ikipita kwenye jarida la ng'ambo huku jina la samaki limekosewa, na mpitiaji hakushtuka. Hapa isingepita. Kuna matokeo ambayo nyumba yake halali ni huku, na kuyapeleka mbali ni kuyanyima wasomaji wake.

Kukataliwa kutakuja. Ukikataliwa na mhariri bila kupelekwa kwa wapitiaji, mara nyingi ni suala la wigo. Usilie, peleka kwa lile la pili kwenye orodha yako wiki hiyohiyo, ila badilisha utangulizi, kwa sababu msomaji amebadilika. Ukikataliwa pamoja na maoni ya wapitiaji, yafanyieni kazi kabla ya kupeleka kwingine: fani ni ndogo, na mpitiaji yuleyule anaweza kuletewa makala yako na jarida la pili. Akikuta hukugusa hata koma, mmekwisha. Na makala moja haipelekwi majarida mawili kwa wakati mmoja, hata kama umechoka kusubiri. Ukichoka, andika barua ya heshima uiondoe, subiri wakiri, ndipo uende.

Nimepewa karatasi hapa, mwenzetu anauliza kama anaweza kuchapisha sayansi kwa Kiswahili. Kwa lugha na fasihi nyumba zipo: jarida la Kiswahili la TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lina asili yake kwenye taarifa za Kamati ya Lugha zilizoanza 1930, Mulika lipo, Swahili Forum lipo Ujerumani. Kwa biolojia ya mwani, leo, jarida la aina hiyo lenye wapitiaji wa kutosha silioni, na sitakushauri uitoe kafara shahada yako kwa ajili ya kulianzisha. Lakini majarida kadhaa hukubali ikisiri ya lugha ya pili kama kiambatisho. Mwulize mhariri, gharama yake ni barua moja. Na yule mama wa Jambiani aliyekupa saa mbili za mahojiano hatasoma Journal of Applied Phycology wala jarida lingine lolote. Kurasa nne za Kiswahili zenye picha na matokeo, zikasomwa kwenye mkutano wa wakulima, hazikupi pointi hata moja kwenye kamati. Nakushauri uziandike kwanza, kabla ya makala, kwa kuwa ukishaweza kumweleza yeye ulichokipata, utangulizi wa makala nao utakuja wenyewe.

Baada ya chai tutagawanyika kwa fani. Kila mtu aje na ikisiri yake na orodha kamili ya marejeo, hata kama haijapangwa. Intaneti ya ukumbi huu mnaijua, kwa hiyo wenye data za simu wawahurumie wenzao. Tutaanza na watu wa bahari, meza ile ya dirishani.